Mwendo Unaoruhusu Salamu

Mbio za kilomita 42 na mita 195, ambazo ulimwengu umezizoea kwa jina la marathoni, hutazamwa na watu wengi katika ncha yake ya mwisho tu, penye utepe, saa kubwa, wapiga picha na medali. Nao wana haki ya kuzitazama hivyo, kwa kuwa hapo ndipo shangwe ilipo. Lakini yeyote aliyepata kujitia katika maandalizi yake anajua ya kuwa siku ya mbio ni kipande kidogo mno cha jambo lenyewe, na ya kuwa nyuma ya asubuhi hiyo moja ipo miezi ya alfajiri zisizopigiwa makofi na mtu, alfajiri za umande, za giza linalosita kuondoka, za miguu inayolalamika kitandani kabla ya kulalamika njiani. Ni miezi hiyo ninayotaka kuitafakari hapa, na hasa namna inavyopita kwa yule anayejiandaa katika njia za miguu za Kilimanjaro, baina ya migomba na mibuni, juu ya kingo za mifereji ya kale na chini ya miti mirefu ya msitu. Kwa kuwa nimekuja kuamini, na imani hii imeongezeka kila msimu, kwamba uzuri wa mahali una kazi ndani ya mazoezi, kazi iliyo dhahiri kama ile ya mapafu na mapaja, na kwamba mkimbiaji anayeupita bila kuutazama amejinyima mwalimu.

Tangu mwaka 2003 mji wa Moshi umekuwa na marathoni yake, ambayo hukimbiwa aghalabu siku za mwisho za Februari au mwanzoni mwa Machi, ikianzia na kuishia katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Anayeikusudia kwa dhati huanza kujiandaa mnamo Novemba, wakati mvua za vuli zimekwisha kulainisha udongo mwekundu wa vihambani, yale mashamba yanayozunguka nyumba. Huendelea kupita Krismasi, ambapo Wachaga, wenyeji wa mlima huu, walio mbali hurejea nyumbani kwa wingi hata vichochoro vya vijijini ambavyo mwaka mzima havikuona gari vikajaa magari. Na huingia Januari na Februari, miezi ya kaskazi, jua likiwa kali tangu saa mbili za asubuhi na vumbi la barabara za chini likipanda mpaka kwenye meno. Kwa namna hiyo mwili hufundishwa utelezi kwanza, kisha hufundishwa joto, na siku ya mbio hauna geni la kuogopa.

Watu wa mbali hudhani kwamba fadhila ya mlima kwa mkimbiaji ni wembamba wa hewa peke yake. Ni kweli hewa nyembamba ina fadhila, kwa kuwa mwili unaokaa mahali palipoinuka sana huongeza chembe nyekundu za damu ili upate oksijeni ya kuutosha, na ndiyo sababu mji mdogo wa Iten nchini Kenya, ulio kwenye kimo cha takriban mita 2,400, umekuwa kituo cha wakimbiaji wa mataifa mengi. Moshi mjini haifiki hata mita 1,000, na lango la Mweka, ambako vijiji vinakoma na hifadhi inaanza, liko kwenye mita 1,600 na ushei. Vimo hivyo si haba, lakini sivyo vinavyomjenga mkimbiaji wa hapa. Kinachomjenga ni mwinuko wenyewe, ardhi isiyotulia, ambayo kila njia inayotoka mjini kuelekea kaskazini, iwe ya Kibosho, ya Uru, ya Mweka au ya Old Moshi, humdai apande, na ikimaliza kumdai hilo humdai ashuke. Njia hizi hazikuchorwa na mhandisi yeyote. Zimechongwa na nyayo za watu waendao sokoni, kanisani, msikitini, shuleni, mtoni na msibani, kizazi baada ya kizazi, na kila kona yake ina sababu: hapa ilikwepa jiwe, pale ilikwepa kaburi, pale ilipinda ili mtu apite mlangoni kwa nduguye aulize hali.

Sasa jambo la kwanza ambalo kila mwalimu wa mbio ndefu humwambia mwanafunzi wake, na ambalo kila mwanafunzi hulipokea kwa sikio moja na kulitoa kwa la pili, ni kwamba sehemu kubwa ya mazoezi yapasa kukimbiwa polepole. Mwendo wa polepole ndio unaoongeza mishipa midogo ya damu ndani ya misuli, unaoupa moyo nguvu ya kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, na unaoufundisha mwili kutumia mafuta yake badala ya kumaliza upesi akiba ya sukari iliyowekwa katika misuli na ini, akiba ambayo kwa watu wengi huanza kwisha wakaribiapo kilomita ya 30, na hapo ndipo mkimbiaji asiyejiandaa hukutana na kile ambacho wenzake wanakiita ukuta. Hayo yote yamejulikana na kuthibitishwa. Lakini nafsi ya binadamu haipendi kuambiwa polepole. Kijana aliyevaa raba mpya hutaka kuisikia ardhi ikilia chini yake, na mtu mzima aliyeanza mazoezi akiwa amechelewa hutaka kufidia miaka yote kwa asubuhi moja. Ndiyo maana waalimu wamebuni kipimo chepesi: ukiweza kusema sentensi nzima bila kutweta, mwendo ni wa haki, ukikatika baada ya maneno mawili, umezidisha.

Kipimo hicho Uchagani kilikuwako kabla ya waalimu hao, wala hakikuhitaji kubuniwa na mtu, maana hakuna njia ya mguu unayoweza kuipita alfajiri bila kukutana na mja, na hakuna mja unayeweza kumpita bila kumwamkia, na hakuna maamkizi yanayokwisha kwa neno moja. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba, umeamkaje?" "Nimeamka salama, sijui wewe." "Mimi mzima, namshukuru Mungu. Nyumbani hawajambo?" "Hawajambo kabisa." "Haya, wasalimie." Anayekimbia kwa pupa hawezi kuyatimiza maneno haya. Atatupa shikamoo hewani kama mtu anayetupa ganda la muwa, na marahaba itamfikia mgongoni, na lililobaki litapotea. Na mwenye kuachwa na salamu mkononi atasema, kwa insafu kabisa, kwamba yule mtu hakulelewa. Basi mkimbiaji mwenye malezi hupunguza mwendo akajibu, na akijibu pumzi yake hurejea mahali pake, na moyo wake hushuka kwenye kiwango kile kile alichoagizwa na mwalimu wake. Adabu na tiba zimekutana katika hatua moja. Siidharau saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo, kwa kuwa inahesabu kwa usahihi ambao kidole hakiuwezi. Lakini saa haimwoni bibi anayeteremka na mkungu wa ndizi kichwani.

Na bibi huyo anastahili kutazamwa kwa karibu. Mahali ni juu kidogo ya Uru, ambapo njia ni nyembamba kiasi cha kupitisha mtu mmoja na nusu, kushoto ukingo wa mfereji, kulia ua wa masale, ule mmea wa majani marefu ambao Wachaga hupandia mipaka na ambao jani lake hupelekwa kwa mtu aliyekosewa kuomba msamaha. Bibi anakuja kutoka juu, kuelekea sokoni. Mkungu ni wa mshare, zile ndizi za mtori, ungali kijani kibichi na utomvu wake haujakauka. Chini yake ipo kata iliyosokotwa kwa majani makavu ya mgomba. Mkono mmoja umegusa mkungu kidogo tu, wa pili umeshika khanga kiunoni. Njia imelowa, naye amevaa kandambili, lakini hatelezi. Tazama miguu yake: hatua ni fupi mno, goti halinyooki kabisa wakati wowote, unyayo unatua mzima pasipo kisigino kutangulia, na penye mteremko mkali huugeuza mguu upande kidogo, kama mwenye kupima ardhi kabla ya kuikabidhi uzito wake. Shingo haitikisiki. Vitu vyote vinavyotembea katika mwili ule viko chini ya kiuno.

Nilijibanza uani ili apite, tukaamkiana mpaka mwisho wa maamkizi, na nilipoendelea kupanda nilikuwa nimepata somo la kushuka ambalo sijapata kulisoma mahali likiwa limeelezwa vizuri kuliko vile. Kwa maana katika mbio ndefu ni mteremko, wala si mpando, unaoharibu mapaja: misuli ya mbele ya paja hulazimika kuuzuia uzito wa mwili huku yenyewe ikivutwa na kurefuka, na kazi ya namna hiyo huiumiza kuliko kazi ya kusukuma, hata siku ya pili mtu akashindwa kushuka ngazi ya nyumba yake. Marathoni ya Moshi hupanda kuelekea Mweka na baadaye hurudi mjini kwa kushuka, wakati ambapo miguu imekwisha kuchoka. Asiyejifunza hatua fupi na goti lililolegea hulipia huko. Mimi nilijifunza kwa mwanamke aendaye sokoni, ambaye hakuwa na habari ya kuwa anafundisha.

Liko swali moja ambalo mkimbiaji wa vijijini huulizwa mara nyingi katika miezi yake ya kwanza, nalo ni "Kwema?" Mtu mzima akionekana anakimbia mapambazuko katika kijiji, maana ya asili ya jambo hilo ni chache na zote ni nzito: kuna mgonjwa amezidiwa, kuna nyumba inaungua, kuna mauti. Wazee huinua uso kutoka kwenye kazi yao, na kabla ya salamu yoyote huuliza kama kwema. Wapo wakimbiaji wanaoudhika na swali hili, wakiliona kuwa ni ushamba. Mimi nalihesabu kuwa ni ihsani kubwa, kwa sababu anayeuliza amekwisha kujitayarisha, ndani ya neno hilo moja, kutupa jembe na kukufuata huko uendako iwapo utajibu kwamba si kwema. Basi ni wajibu kusimama, na kusema wazi kwamba ni kwema kabisa, kwamba ni mazoezi, kwamba kuna mbio mwezi wa pili. Hawakucheki. Husema, "Mungu akutangulie," na kurudi kazini. Baada ya majuma kadhaa swali huisha lenyewe, na mahali pake huja "pole na mazoezi", na ukikosekana siku mbili tatu ukarejea utaulizwa ulikuwa wapi, na itakubidi ueleze.

Nimeitaja mifereji, ambayo Wachaga huiita mifongo, na siwezi kuipita kwa jina tu. Wageni wa Kizungu waliofika Uchagani katika karne ya 19 walistaajabu kuikuta, maji yakiongozwa kutoka katika makorongo ya juu msituni, yakizungushwa ubavuni mwa mlima kwa masafa marefu, na kufikishwa katika vihamba ambavyo kwa kuvitazama hungedhani maji yangeweza kuvifikia. Mfongo hauwezi kushuka kwa ghafla, kwa kuwa maji yangekimbia yakala kingo zake. Wala hauwezi kupanda. Lazima uteremke kwa kiasi kidogo sana, hatua kwa hatua, ukifuata umbo la mlima ndani na nje ya kila bonde. Na kwa kuwa lazima mtu apite kuusafisha, kando yake ipo njia ya miguu. Mkimbiaji anayeijua siri hii amepata kitu ambacho asingekitazamia mlimani: njia iliyo karibu tambarare, laini kwa udongo uliozolewa toka mferejini, yenye kivuli cha migomba, ambayo anaweza kuikimbia mwendo mrefu bila moyo kupanda wala magoti kugongwa. Kwa siku ya mazoezi mepesi, baada ya siku ya vilima, sijui mahali palipo bora.

Asubuhi moja nilimkuta mzee amechutama mahali ambapo mfongo unagawanyika. Zamu ya maji ilikuwa imemfikia. Hakuwa na mlango wa chuma wala wa ubao. Kizuizi kilikuwa vipande vya udongo wenye majani, vimeshindiliwa pamoja na magamba ya shina la mgomba, navyo alivitoa kimoja kimoja kwa mkono na kuvipanga upande wa pili, ili kuziba huku akifungua kule. Maji yalisita kidogo, yakazungusha jani kavu mara mbili, kisha yakaingia kihambani na kuanza kutafuta mashina ya mibuni. Alinyanyuka, akatazama jua lilikofika, kwa kuwa zamu ina mwisho wake na jirani alikuwa chini akingoja. Niliona aibu kupita mbio mbele ya kazi ile, nikatembea. Wala sikuona kwamba kutembea kule kulinipunguzia chochote.

Kibo, kilele cha Kilimanjaro, huonekana vizuri alfajiri, na mara nyingi kabla ya saa nne za asubuhi huwa kimejifunika wingu. Mkimbiaji aliyeamka mapema hulipwa kwa kuiona theluji ile ikigeuka rangi, na sitamwambia mtu asiitazame. Barafu hiyo, ambayo mmisionari Johannes Rebmann aliiona mwaka 1848 na baadhi ya wasomi wa Ulaya wakakataa kumwamini, imepungua sana. Baina ya mwaka 1912 na 2011 ilipotea kiasi cha asilimia 85, na mwenye kuikimbilia kila mwaka huihesabu kwa huzuni kama mtu anayemtazama mzazi akikonda. Lakini ni vyema kujua, na mimi nilichelewa kulitilia maanani jambo hili, kwamba maji ya mifongo hayategemei kilele hicho kwa sehemu kubwa. Sehemu kubwa hutoka katika msitu ulio katikati, katika mvua inayouangukia na ukungu unaonaswa na majani na ndevu za miti yake, mahali ambapo mpiga picha hashughuliki kupaelekeza kamera kwa kuwa hapana la kuonyesha isipokuwa ukijani na unyevunyevu. Jicho huenda kileleni. Mto hutoka katikati. Na nikiwa katikati ya mbio ndefu ya Jumamosi, mwanzo umekwisha sahaulika na mwisho haujaonekana, katika zile kilomita zisizo na jina, huukumbuka msitu huo na kuacha kuuliza ni umbali gani umebaki.

Nasema Jumamosi kwa sababu Jumapili haifai. Jumapili njia hujaa watu wenye nguo safi waendao ibadani, na mtu mwenye matope hadi vigimbini hana uso wa kuwapita. Jumamosi alfajiri, kabla mwanga haujaamua, husikia adhana kutoka mjini chini na kengele ya misa kutoka ubavuni juu, zote mbili katika pumzi moja, nami huzichukua kuwa ruhusa ya kuanza.

Kwa siku za joto kali ipo Rau, msitu wa bondeni karibu na mji, ambao uhai wake ni maji yaliyo chini ya ardhi. Huko hakuna vilima. Ipo misoo mirefu, mti ambao hauonekani mahali pengi duniani, wapo mbega weupe kwa weusi wanaorukaruka juu wakitikisa matone, na ukitoka upande wa pili unakutana na mashamba ya mpunga na mwanga unaoumiza macho baada ya kivuli. Udongo ni mwororo, mizizi ni mingi, na mguu hulazimika kufikiri kila unapotua, jambo linalokaza vifundo kuliko zoezi lolote la nyumbani. Sipendi kumwona mtu akipita Rau amejiziba masikio kwa hedifoni. Si kwa sababu ya usalama peke yake, ijapokuwa baiskeli iliyobeba majani ya ng'ombe haina kengele siku zote. Ni kwa sababu amekuja mahali ambapo ndege wanasema na mbega wanasema na mtu aliye nyuma anaomba njia, naye amechagua kutokuwapo.

Nchi hii ya Tanzania ina kisa kimoja cha marathoni ambacho kila mtoto wa shule amekisikia. Mwaka 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico, mji ulio kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,200, John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, alianguka njiani, akaumia goti na bega, akafungwa bendeji, akaendelea; na alipoingia uwanjani giza lilikuwa limeingia na watazamaji wengi wamekwenda zao, na ilikuwa imepita zaidi ya saa moja tangu Mamo Wolde wa Ethiopia ashinde. Kati ya watu 75 walioanza, 18 hawakufika. Akhwari alikuwa wa 57, wa mwisho katika waliofika, na jibu lake kwamba nchi yake ilimtuma akamalize mbio limekwenda dunia nzima. Tunakisimulia kisa hiki kwa ajili ya ule mguu uliofungwa, na ni sawa. Lakini nikikifikiri nikiwa njiani, fikra zangu hurudi nyuma ya Mexico, kwenye zile asubuhi ambazo hakuna aliyekuwapo na kamera, kwa kuwa mtu aliyeumia goti hawezi kuazima stahamala dakika ile ile aangukapo. Anaitumia ile aliyokwisha kuiweka, na aliiweka mahali, na mahali hapo palikuwa na njia, na njia hiyo ilikuwa na watu walioitika salamu zake.

Hivyo hivyo kwa Juma Ikangaa, Mtanzania mwingine, aliyeshika nafasi ya pili katika marathoni ya Boston miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na katikati ya hayo akashinda New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Na hivyo kwa Alphonce Simbu, mwana wa Singida na askari wa jeshi letu, aliyepata shaba London mwaka 2017, akangoja miaka minane, na Septemba 2025 huko Tokyo akaipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya ubingwa wa riadha wa dunia. Alimshinda Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03, wote wawili wakiandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Niliitazama ile picha ya mwisho mara nyingi, kifua na kifua. Zaidi ya kilomita 42, na kilichowatenganisha ni kidogo kuliko kupepesa jicho. Nani awezaye kusema ni katika alfajiri ipi, ya mwaka upi, kipande kile cha wakati kilipowekwa akiba?

Njia za miguu nilizozisema hazina uhakika wa kuishi. Vihamba vinagawanywa kila warithi wanapoongezeka, na palipokuwa na ua wa masale, ambao mtu aliweza kuupenya kwa hisani ya mwenyewe, sasa pamejengwa kuta za matofali. Barabara za lami zinapanda, nami nazifurahia, kwa kuwa mama mjamzito hufika hospitali kwa wakati na kahawa hufika mnadani bila kuharibika. Lakini njia ya mguu ikifungwa haifunguki tena, na hailindwi na ramani yoyote, kwa kuwa haikuandikwa katika ramani yoyote. Laiti serikali za vijiji zingeiweka katika vikao vyao, kwamba penye kujengwa barabara ibaki kando yake nafasi ya wapitao kwa miguu, na penye kuuzwa kiwanja njia ya zamani itajwe mbele ya mashahidi. Na laiti vikundi vya mazoezi, ambavyo vimeongezeka sana mijini na vinakuja mlimani kwa mabasi siku za mapumziko, vingekwenda kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji kubisha hodi, maana wanachokiita wao mandhari ni uani kwa watu.

Siku ya marathoni yenyewe wengine huieleza vizuri zaidi yangu, nami nitataja sehemu yake moja. Baada ya kilomita za tambarare kwenye barabara kuu, wakimbiaji huelekea kaskazini na kuanza kuupanda mwinuko wa Mweka, na hapo makundi yaliyokuwa yameshikamana hukatika vipande. Watu wa vijiji wametoka nje, watoto wamenyoosha viganja ili vipigwe, vijana wanaita majina ya vijiji vyao, na jua limekwisha kupasha lami. Wapo wanaopita hapo wamekaza macho chini, midomo wazi, hawamwoni mtu. Na wapo wanaopanda kwa hatua za vihambani, fupi, mabega yamelegea, ambao utawatambua kwa kuwa wamebakiwa na pumzi ya kuitikia. Katika mojawapo ya mbio hizo mwanamke mtu mzima, aliyeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya ndizi zake za kuuza, alinitambua kuwa ni yule wa njia ya mfereji, akanyanyuka. "Shikamoo, mama!" "Marahaba, baba, pole na kazi. Maji haya hapa, kunywa kwanza." Nikasimama, nikanywa, tukaulizana habari za nyumbani, yeye akinitajia mjukuu aliyezaliwa na mimi nikimpa hongera, kisha nikamrudishia kikombe, nikaendelea kupanda.